Mpira wa Petroli Upite Wapi? Mita Moja ya Mwisho Kwenye Injini ya Beetle

Kwenye Volkswagen Beetle ya zamani tangi la petroli liko mbele na injini iko nyuma, lakini sehemu kubwa ya safari hiyo haina matata. Petroli hupita ndani ya bomba la chuma lililofichwa kwenye tuta la katikati ya chasisi, lile linalopita kati ya viti viwili vya mbele, na bomba hilo laweza kukaa humo miaka hamsini bila mtu kuliona. Matata huanza linapochungulia nje karibu na giaboksi. Kuanzia hapo petroli inatakiwa ivuke kutoka chasisi hadi injini, ipenye bati linalozunguka injini, iingie kwenye pampu, itoke, ifike kwenye kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Yote hayo ni kama mita moja tu, na mita hiyo ndiyo inayochoma magari haya.

Nimewahi kuliona moja likiteketea kando ya barabara. Mwenyewe alikuwa amelitoa gereji wiki hiyo hiyo, amebadilishiwa mipira yote ya petroli. Mipira ilikuwa mipya, tena ya bei. Kilichokuwa kibaya ni njia iliyopitishiwa: mpira ulitoka kwenye pampu, ukapandishwa hewani kupitia filta ya plastiki iliyoning'inia juu ya distributa, kile kifaa kinachogawia plagi umeme wa cheche, ukashuka kwenye kabureta. Kiungo kimoja kilipolegea, petroli ilidondokea mahali penye cheche. Tangu siku hiyo kila anayeniuliza anunue mpira gani, kwanza namuuliza utapita wapi.

Tukubaliane kuhusu maneno kabla ya kwenda mbali. Gereji zetu huita kila kitu paipu. Humu nikisema bomba nina maana ya chuma, na nikisema mpira nina maana ya raba inayopindika. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha habari yote.

Chuma kinachosimama, raba inayocheza

Ukifungua kifuniko cha injini ya Beetle ambayo haijachezewa, ya miaka ya 1960 kwa mfano, utakuta wahandisi wa Wolfsburg, kiwandani kwa Volkswagen, walitumia raba kwa uchoyo mkubwa. Bomba la chuma limepita kwenye bati. Bomba jingine la chuma, lililopindwa kwa umbo lake maalumu, limetoka kwenye pampu kwenda kabureta. Raba ni vipande vifupi tu vya kuunganisha ncha. Hawakufanya hivyo kwa kubana matumizi. Bomba la chuma hukaa pale ulipoliweka: halilegei kwa joto, halishuki taratibu hadi kugusa ekzosi, na ukipinda kona inabaki kona. Gari hili lilishinda mbio za Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, likipita kwenye mawe na matope ya Afrika Mashariki kwa siku kadhaa mfululizo. Mpango wa mabomba uliotoka kiwandani ulijithibitisha kwenye barabara zetu wenyewe.

Miaka ikapita, mabomba yakashika kutu au yakapotea injini iliposhushwa, na fundi akaona rahisi kukata mpira mmoja mrefu kutoka chini hadi kabureta. Gari linawaka, mteja analipa, kazi imekwisha. Hapo ndipo njia ilipoharibika.

Basi raba iwekwe wapi? Iwekwe mahali ambapo vitu viwili vinacheza kwa namna tofauti. Injini na giaboksi ya Beetle vimefungwa pamoja kama kitu kimoja, na kitu hicho kimekalia raba za mauntini. Ukiachia klachi ghafla, chote kinajitikisa wakati chasisi imetulia. Bomba linalotoka kwenye tuta ni la chasisi, na bomba linalopenya bati ni la injini. Kwa hiyo kiungo cha raba kati ya hayo mawili, kule chini karibu na giaboksi, ndicho kinachofanya kazi kubwa kuliko vyote, nacho ndicho husahaulika kwa sababu hakionekani mpaka ulale chini ya gari. Kiungo hicho kipe ulegevu kidogo. Kikivutwa kama kamba ya kuanikia nguo, kila mtikisiko wa injini unakivuta kitoke kwenye ncha yake. Kikiwa kirefu mno nacho kitaning'inia, kipigwe na mawe au kisugue shafti.

Juu kwenye injini mambo ni kinyume. Pampu imefungwa kwenye injini na kabureta imefungwa kwenye injini, zote zinatikisika pamoja. Hakuna sababu ya mpira mrefu kati yao. Rudisha bomba la chuma, weka raba fupi kila ncha, na hatari nyingi zitakuwa zimeondoka kabla hujafikiria jambo jingine.

Ukitengeneza bomba jipya mwenyewe, tumia chuma cha mabomba ya breki au mchanganyiko wa shaba na nikeli. Najua shaba tupu ya mafriji inapatikana kila kona na inapindika kwa vidole. Shaba hiyo ikitikiswa muda mrefu huwa ngumu na kupasuka, mara nyingi pale inapoingia kwenye kiungo, na petroli iliyotulia ndani yake hugeuka gundi mapema zaidi. Na kata yoyote utakayofanya, ncha ya bomba iachiwe kijishingo kidogo cha kuvimba. Ncha iliyo laini kabisa huuachia mpira uteleze hata ukiwa umefungwa klipu.

Pande mbili za pampu

Watu wengi hudhani petroli ni petroli tu, iwe kabla ya pampu au baada yake. Sivyo, na kutolielewa hili ndiko kunakowapotezea mafundi siku nzima wakitafuta ugonjwa usioonekana.

Pampu ya Beetle haina umeme. Kijiti kinachosukumwa na kamu kinapandisha na kushusha ngozi ya raba ndani yake. Upande wa kabureta inasukuma kwa presha ndogo, kama psi (paundi kwa inchi ya mraba) 3 au 4. Gari la siku hizi la sindano za mafuta (injection), lisilo na kabureta, hutumia zaidi ya mara kumi ya hiyo. Mpira ukipasuka upande huu utaona unyevu, utasikia harufu, ushahidi upo.

Upande wa kutoka tangini, pampu inavuta. Mpira wenye ufa mdogo upande huo unaweza usidondoshe hata tone injini ikiwa inaunguruma, kwa sababu badala ya petroli kutoka, hewa ndiyo inayoingia. Gari linakohoa mlimani, kabureta inafunguliwa na kusafishwa mara tatu, pampu mpya inanunuliwa, kumbe ni ufa wa milimita mbili chini ya giaboksi. Kisha unazima gari, tangi limejaa, na usawa wa petroli kule mbele uko juu kuliko kiungo kile. Sasa kuvuta kumekoma na uzito wa petroli yenyewe unaanza kuisukuma nje. Ndiyo maana Beetle inaweza kuvuja ikiwa imeegeshwa, kimya kabisa, injini ingali ya moto.

Kuvuta kuna madhara mengine. Kimiminika kikivutwa, kinachemka kwa joto dogo zaidi. Sehemu nyepesi za petroli huanza kugeuka mvuke kwenye nyuzi 35 hadi 40 hivi, na chumba cha injini cha Beetle kinapita hapo bila jasho. Mvuke ukijaa kwenye mpira, pampu inabaki kubana na kuachia hewa tupu. Gari linazima kwenye foleni, ukilisubiri nusu saa linawaka kana kwamba halikuwa na tatizo. Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, presha ya hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa, hivyo petroli huchemka upesi zaidi. Pwani joto la hewa ni kubwa, bara presha ni ndogo, na kila mmoja ana njia yake ya kukwama.

Kwa hiyo upande wa kuvuta ndio upewe njia ya baridi kuliko zote. Upite chini, mbali na masanduku ya joto na mabomba ya ekzosi, na ukifika ndani ya chumba cha injini uende kwenye pampu kwa njia fupi. Juu nako kuna mtego: chini ya kabureta, sambamba na manifoldi (bomba la kupeleka petroli na hewa kwenye silinda), kuna bomba jembamba linalopitisha moshi wa moto ili kupasha manifoldi. Linafanana na kitu kisicho na madhara. Mpira wowote ukilala juu yake utaiva.

Hapa niongeze jambo ambalo halihusu mpira moja kwa moja. Pembeni mwa injini, pale bati linapokutana na bodi, panatakiwa raba ndefu ya kuziba ikizunguka chumba chote. Ikichakaa au ikitupwa, hewa iliyokwisha kupashwa na silinda huko chini hurudi juu, feni huinyonya tena, na chumba kizima huwa tanuri. Watu wanafunga mpira wa petroli kwa karatasi za fedha, wanaweka vibanio vya nguo, wanamwagia pampu maji, na ile raba ya kuziba bado haipo. Kaanzie hapo.

Tundu kwenye bati

Bati la mbele la injini lina tundu la kupitisha petroli. Tundu hilo linatakiwa kuwa na raba ya duara inayokumbatia bomba. Raba hiyo ni spea ndogo sana, na sijui spea ya bei ndogo namna hiyo inayolinda kitu kikubwa namna hiyo. Bila raba, ukingo wa bati ni kisu. Injini inatetemeka maelfu ya mara kwa dakika, na kila mtetemo unakata kidogo. Mpira ukipitishwa mtupu kwenye tundu hilo hauhitaji miaka. Safari chache za Dodoma zinatosha kuuchubua hadi nyuzi zake zionekane.

Njia sahihi ni kupitisha bomba la chuma kwenye tundu, raba ikiwa imelishika, na kuunganisha mpira pande zote mbili za bati. Kama raba ya duara imekosekana madukani, kata ya ukubwa unaofaa kutoka gari jingine, ilimradi ikae imebana na isitoke ukiivuta kwa kidole. Usipasue mpira wa petroli na kuuvisha kama soksi ukaita ni kinga. Utahama ndani ya wiki.

Filta na ile shaba ya kabureta

Kijana mmoja wa gereji aliwahi kuniambia kwa heshima zote, "Mzee, nimekuwekea filta hapa juu ili uwe unaiona petroli ikipita." Alikuwa na nia njema. Filta ya plastiki inayoonyesha ndani inampa mwenye gari utulivu wa moyo. Lakini tazama iko wapi: imeongeza viungo viwili mahali palipokuwa na kimoja, ina uzito wa petroli iliyojaa, inaning'inia bila kushikwa na chochote, na chini yake kuna distributa. Ndani ya distributa platini, zile ncha zinazokata na kuunganisha umeme, zinapiga cheche mfululizo, na kifuniko chake hakizuii mvuke. Pembeni kuna dainamo yenye brashi zinazotoa cheche zake. Mvuke wa petroli unashika moto hata kwenye baridi ya friza, sembuse hapo.

Filta iende chini, kabla ya pampu, kwenye kile kiungo cha karibu na giaboksi, au mbele kabisa chini ya tangi. Ifungwe kwenye kitu imara isibembee. Hutaiona kila siku, ni kweli. Ibadilishe kila unapofanya sevisi kubwa na hutahitaji kuiona.

Filta ile ya juu ina kosa jingine baya zaidi. Kabureta za Solex za magari haya zina kishingo cha shaba nyeupe au njano ambacho mpira huvalishwa. Kwenye kabureta nyingi kishingo hicho hakikukazwa kwa nyuzi. Kiliingizwa kwa nguvu tu kwenye mwili wa aloi laini. Baada ya miaka ya joto na baridi kinalegea. Mshike mwenye Beetle yeyote, mwambie akizungushe kwa vidole injini ikiwa baridi: kikizunguka, kimeanza kuaga. Sasa kining'inizie mpira mrefu na filta iliyojaa, kitikisike kwenye barabara ya vumbi, siku moja kitachomoka, na pampu itaendelea kumwaga petroli juu ya injini ya moto kila inapozunguka. Dawa yake ni fundi wa mashine akichonge nyuzi na kufunga kishingo cha skrubu. Ni kazi ya saa moja. Waya wa kukizuia kisiruke nyuma ni msaada wa dharura tu, tena usifike nao mbali.

Mpira wenyewe

Sasa ndiyo tuje kwenye mpira. Magari haya yalitoka kiwandani na mpira mwembamba uliovikwa nyuzi za pamba nje. Unapendeza, na wanaorudisha gari katika hali ya asili huutaka. Mimi sipendi kuutumia, kwa sababu nyuzi zinaficha nyufa. Raba ya ndani inaweza kuwa imekauka kama gome na nje bado kunaonekana safi. Ukiutumia, basi ukubali kuubadilisha kwa kalenda, si kwa macho.

Mpira mzuri una maandishi ubavuni. Tafuta SAE J30, alama ya kiwango cha mipira ya petroli, ikifuatwa na R7 au R9. R7 ni wa kabureta na presha ndogo. R9 umetengenezewa magari ya sindano, una tabaka la ndani linalostahimili joto na mafuta yenye ethanoli. Ethanoli si habari ya Ulaya peke yake, ingawa Uingereza petroli ya kawaida imekuwa na hadi asilimia 10 ya ethanoli tangu Septemba 2021 na wenye magari ya zamani kule wamelalamika sana kuhusu mipira inayolainika. Kenya nayo iliwahi kuuza petroli iliyochanganywa na ethanoli ya molasi katika miaka ya 1980. Mimi huchukua R9 hata pale R7 ingetosha. Kwa mita moja ya mpira tofauti ya bei haistahili mjadala. Mpira usio na maandishi yoyote muachie muuzaji. Na mpira mweupe unaoonyesha ndani, wa kupimia leveli ya ujenzi, hata kwa siku moja usiuweke: unalainika kwa joto, kisha petroli inaukausha hadi unavunjika kama tambi mbichi.

Kipimo nacho kinadanganya. Mpira wa robo inchi una tundu la milimita 6.35. Ukiuvalisha kwenye bomba la milimita 6 utaingia kwa ulaini unaofurahisha, na ulaini huo ndio ubaya wake, kwa sababu sasa unategemea klipu kufanya kazi ambayo raba yenyewe ilipaswa kuifanya. Pima bomba kwa kalipa, kisha tafuta mpira unaoingia kwa kusukuma. Uvalishe sentimita mbili au mbili na nusu. Klipu ziwe zile nyembamba za petroli zenye kingo zilizokunjwa. Zile pana za rejeta zina matundu yanayokwangua mpira mdogo kama mbuzi ya nazi. Kaza mpaka raba ianze kuvimba kidogo pembeni mwa klipu, uache hapo.

Kwenye kona usiulazimishe. Upinde mkononi kabla ya kuukata. Tundu lake la duara likianza kuwa na umbo la yai, kona hiyo ni kali mno, nenda na bomba la chuma.

Siku ya kazi

Fanya kazi hii injini ikiwa baridi, waya wa hasi wa betri umetolewa, tangi lina petroli kidogo. Fanyia nje. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kujaa kwenye shimo la gereji kama maji. Fundi aliye shimoni na taa ya waya iliyochubuka yuko mahali pabaya kuliko anavyodhani. Kiungo cha chini kikifunguliwa petroli itatiririka yenyewe, kwa hiyo andaa kizibo kabla hujachomoa.

Weka karibu kizima moto cha unga, na usitegemee ndoo ya maji. Mwili wa injini hii umetengenezwa kwa aloi ya magnesi. Ukikolea moto, maji huuchochea badala ya kuuzima, na kitu pekee cha busara kwa mtu mwenye kizima moto kidogo ni kusogea mbali na kuwaondoa watu. Yule bwana niliyemsimulia mwanzo alikuwa na ndoo.

Ukimaliza, futa kila kiungo kikauke kabisa. Washa, acha ingurume dakika chache, zungushia kila kiungo karatasi ya shashi na uitazame. Endesha dakika ishirini hadi injini ipate moto wa kweli, zima, na usiondoke. Joto la chumba huendelea kupanda baada ya kuzima, kwa sababu feni imesimama na chuma bado kina moto, na kiungo kinachovumilia injini ikizunguka huanza kutoa unyevu dakika ya kumi baada ya kuzimwa. Pitia kwa karatasi tena. Halafu lala chini ya gari, mulika kile kiungo cha giaboksi.

Jaza tangi, liache lilale. Asubuhi, kabla ya kugusa ufunguo, simama nyuma ya gari na unuse kwenye matundu ya kifuniko cha injini. Ukisikia petroli, usiwashe. Fungua kifuniko, tafuta.